Mkunazini au Minara Miwili: ukiwa na nusu siku tu Mji Mkongwe, uingie kanisa lipi?

Mtoto wa dada yangu kanitumia meseji juzi, anakuja na wenzie wawili kutoka Dar, wanapanda boti ya asubuhi wanarudi na ya jioni, anauliza: ma'mdogo shikamoo, tukitoa muda wa kula na wa kuzunguka Forodhani tunabaki na kama saa moja na nusu hivi, sasa twende kanisa la Mkunazini au lile la Minara Miwili? Nikaanza kumjibu palepale, nikaona jibu linarefuka, nikasema acha niliandike vizuri maana swali hili kila likizo naulizwa na mtu.

Niseme mapema kabisa, mi Mkatoliki na Minara Miwili ndo nasali, kwa hiyo ukiona nimeisifu Mkunazini ujue sio ushabiki. Nimeishi Unguja miaka kumi na moja sasa na nimepeleka wageni kote kuwili mara nyingi mno.

Kwa asiyejua, Mkunazini ni la Waanglikana, Kanisa la Kristo, lipo karibu na soko la Darajani, limejengwa juu ya kiwanja kilichokuwa soko la watumwa. Minara Miwili ni letu Wakatoliki, Mtakatifu Yosefu, lipo huko ndani kwenye vichochoro vya Baghani kuelekea Shangani. Yote mawili ni makanisa ya maaskofu, lakini usiyafikirie kama makumbusho, ni parokia za kila siku, watu wanabatiza, wanaoa, wanaaga maiti, watoto wa mafundisho wanakimbizana uani Jumamosi. Na yote ni ya karne ya 19, wakati ambao Ulaya walikuwa wamekolea kweli kurudia mitindo ya kale, yaani mtu anajenga jengo jipya kabisa lakini analivika nguo za miaka mia sita au mia nane nyuma. Huku wanajenga Gothiki upya, ule mtindo wa madirisha na matao yenye ncha juu, kule wanajenga Romaneski upya, ule wa matao ya duara na kuta nene, kwao ni kama kusema imani yetu ina mizizi mirefu. Kwa hiyo vitu unavyoviona kwenye haya makanisa mawili vilishakuwa vya zamani hata siku jiwe la msingi linawekwa. Ukilijua hilo unaanza kuyaangalia vingine, swali linakuwa wametoa wapi huu mtindo na wameufanyaje ulipofika kwenye kisiwa cha matumbawe na karafuu. Na hapo ndo makanisa yetu haya yanapoachana njia kabisa.

Nianze na Minara Miwili. Limejengwa na wamisionari wa Kifaransa, mapadre wa Roho Mtakatifu, kati ya 1893 na 1898, mtindo wake unatoka Marseille. Marseille ndo bandari ambako meli za Wafaransa za kuja huku ziling'oa nanga, kwa hiyo mapadre wale wengi kitu cha mwisho walichokiona kwao kabla bahari haijameza nchi ni makanisa ya mji ule. Na Marseille miaka hiyohiyo walikuwa wametoka kujenga, basilika ya kilimani Notre-Dame de la Garde iliwekwa wakfu 1864 na kanisa kuu lao jipya lilianzwa 1852 likaja kuisha miaka ya tisini, yote kwa mtindo wa kuchanganya Romaneski na Kibizanti, huo wa makanisa ya kale ya mashariki. Sasa mapadre wakaibeba ile ladha wakaja nayo. Matao ya duara, kuta nene, minara miwili mbele imesimama kama mapacha, madirisha ya vioo vya rangi na vigae vya sakafuni vimeagizwa kutoka Ufaransa, na ndani kuta zimechorwa picha za Agano la Kale. Zile picha zimechoka na ukarabati uliofanyika zamani haukuzitendea haki, inaniuma kila nikiziangalia, lakini ukikaa benchi la katikati asubuhi jua likaingia bado unaona walichokusudia.

Ninachokipenda sana pale ni kwamba jengo lina msimamo mmoja tu. Halikuhangaika kufanana na majirani zake. Ukitoka kwenye kichochoro chenye milango ya misumari ya shaba na baraza za mawe, ukaingia mle ndani, umehama nchi ghafla. Kuna wanaolisema vibaya kwa hilo, eti limepandikizwa tu, na mi nilishawahi kufikiri hivyo, lakini siku hizi nasema lile ni la watu waliokumbuka kwao, na waliokuja kulijaza hawakuwa Wafaransa hata kidogo. Kwa miaka mingi waumini wakubwa pale walikuwa Wagoa, watu wa Goa huko India, waliokuja Zanzibar kufanya kazi za ukarani, ushonaji, upigaji picha na hata kwenye bendi ya Sultani, halafu wakaja watu wa bara, Wanyamwezi, Wamakonde, Wachaga, na leo misa ni Kiswahili, kwaya inapiga kinanda na ngoma chini ya matao ya Kifaransa na sauti inarudi vizuri kweli. Ukitaka kulielewa Minara Miwili nenda Jumapili, siku ya kazi utakuta jengo zuri limenyamaza.

Tatizo lake kubwa kwa mgeni wa nusu siku ni kulifikia. Hili ni jambo la ajabu, minara yake unaiona tangu boti haijafunga gati, ni kati ya vitu vya kwanza kuonekana kutoka baharini, lakini ukishaingia vichochoroni inapotea kabisa, unazunguka wee unaibukia kwenye maduka ya picha za tingatinga mara mbili ndo unauliza mtu. Na ukifika mara nyingi lango kuu limefungwa kama sio muda wa misa, itabidi uzungukie uani, usalimie, uombe kuingia kwa adabu. Hakuna mtu wa kukuelezea, mabango ni machache, hakuna kiingilio pia. Kama unajua unachokiangalia utafurahi, kama hujui utakaa dakika kumi utatoka useme kanisa zuri, basi, imeisha hiyo.

Sasa Mkunazini, na hapa nitakaa kidogo.

Juni 1873 Sultani Barghash alisaini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Zanzibar likafungwa na kusafirisha watumwa kwa bahari kukapigwa marufuku. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo, watu wengi wanachanganya hapa, hadhi ya utumwa kisheria Zanzibar ilikuja kufutwa 1897, miaka 24 baadaye. Lakini soko lilifungwa, na wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana iliyozaliwa baada ya Livingstone kuzungumza Cambridge mwaka 1857, wakakipata kile kiwanja, na Krismasi ya 1873, miezi sita tu, jiwe la msingi likawekwa. Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka uliofuata, na huyu sio mtu wa kupita hivihivi kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili, alifika hapa 1864 akajifunza lugha kwa wenyeji, akaandika sarufi, akakusanya hadithi za watu wa hapa, akasimamia tafsiri ya Agano Jipya. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Na mi naona jengo lake linafanana na kazi yake ya lugha, naomba mnivumilie nieleze.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zinashikwa na boriti za mikoko. Sasa boriti ya mkoko haiendi mbali, kama mita tatu hivi, ndo maana vyumba vya nyumba za kizamani hapa ni virefu lakini vyembamba, upana unaamuliwa na mti. Ukitaka kanisa la kukaa mamia ya watu mkoko haukusaidii. Ungeweza kuagiza mbao ndefu na mabati ya Ulaya kama walivyofanya wengi. Steere akachukua matumbawe yaleyale ya hapa, akayachanganya na saruji, akamwaga paa lote kuwa tao moja, kama pipa lililopasuliwa katikati likafunikwa juu ya kuta. Watu walikuwa na uhakika litawaangukia. Ibada ya kwanza walisali Krismasi ya 1877 jengo halijaisha, paa likakamilika 1879, na mpaka leo lipo, zimepita mvua za masika zaidi ya mia na arobaini. Simama katikati uangalie juu, mi kila nikiliangalia nastaajabu upya, ni zege la matumbawe la wakati ambao hata huko Ulaya zege bado lilikuwa jambo geni.

Kuhusu mtindo, hapa huwezi kusema Gothiki ukamaliza. Madirisha ni membamba yana ncha juu, hiyo Gothiki, mpangilio wa ndani ni wa basilika za kale, yaani ukumbi mrefu, halafu kuna mapambo na matao ambayo ukiyaona unajua kabisa yameangalia nyumba za Waarabu za jirani. Wataalamu wengine wanasema ni mchanganyiko usiokaa sawa na sitawabishia sana, mnara na mwili havijapatana kama pacha wa Minara Miwili wanavyopatana. Ila mimi napenda kwamba lilijaribu. Mwenzake alisema Kifaransa safi bila makosa, hili lilijifunza Kiswahili likakisema kwa lafudhi.

Halafu kuna zile nguzo. Upande wa mlango wa magharibi kuna nguzo zimesimamishwa kichwa chini, sehemu ya juu ipo chini. Hadithi ni kwamba Steere alisafiri, mafundi wakaziweka wanavyojua wao, aliporudi akaziacha hivyohivyo. Watembezaji wengine huwa wanaisimulia kama kichekesho cha mafundi, mi siipendi kusimuliwa hivyo. Kati ya waliofanya kazi na ile misheni walikuwepo watu waliokombolewa utumwani, wenye kijiji chao huko Mbweni, na fundi ambaye hajawahi kuona nguzo ya Kizungu maishani angejuaje kichwa chake kipi. Mi naziona ni kama sahihi zao. Majina yao hayapo ukutani ila nguzo zipo.

Mbele ya madhabahu sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe limezungushiwa nyekundu, panaelezwa ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Steere mwenyewe alifariki 1882 na kazikwa nyuma ya madhabahu. Kushoto kwako utaona msalaba wa mbao, huo mti wake ulitoka Chitambo, Zambia ya leo, kwenye mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone alipofariki Mei 1873. Mwili wake wakina Chuma na Susi, watumishi wake, waliubeba kwa miguu mpaka pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874, na walipofika waliupumzisha kwenye kanisa la misheni ya nani? Ya mapadre wa Roho Mtakatifu, haohao waliokuja kujenga Minara Miwili. Kwa hiyo haya makanisa mawili ya madhehebu mawili yana ujirani wa tangu kabla hayajasimama, na hili ndo huwa namwambia mtu anayekuja na ubishi wa sisi na wao.

Saa ya mnarani wanasema ni zawadi ya Sultani Barghash, kwa sharti mnara usizidi urefu wa Beit al Ajaib, lile jumba lake la Forodhani. Hiyo habari ya urefu mi naisikiliza tu, maana Beit al Ajaib lilijengwa 1883 na kanisa lilishaezekwa miaka minne nyuma. Na ukipita Forodhani uliangalie lile jengo pia jamani, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, watu wakapoteza maisha, usidhani majengo haya ya matumbawe yatatusubiri milele. Chumvi ya bahari na unyevu vinakula chokaa polepole na siku moja ukuta unashuka.

Nje uani kuna mnara wa kumbukumbu, sanamu tano za watu wamesimama ndani ya shimo, shingoni wamefungwa minyororo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Hapo watu wananyamaza. Nimeona vijana waliokuja wanacheka na simu zao mkononi wakifika pale wanashusha simu. Kuna pia maonyesho yenye maelezo mazuri ya biashara ya watumwa Afrika Mashariki nzima, ukiwa na dakika ishirini yasome, usiyaruke.

Jambo moja sasa nataka msikie kabla hamjafika. Mtapelekwa kwenye vyumba viwili vya chini ya ardhi, vya giza, vya kuinama, muambiwe humu walifungiwa watumwa kabla ya kuuzwa. Wanahistoria kadhaa wamelipinga hili, kwa sababu jengo lililo juu yake ni la misheni, lilijengwa baada ya soko kufungwa, na vyumba vile vinaelekea zaidi kuwa stoo. Mimi sikuambii usiingie. Ingia, lakini jua kwamba ukweli wa pale hauhitaji kuongezewa chumvi, soko lilikuwepo, watu waliuzwa pale, mkataba upo, tarehe zipo. Ukitaka kuwawazia wale watu wawazie uani, chini ya jua, maana ndo walipokuwa.

Kwa upande wa urahisi Mkunazini linashinda mbali. Ukitoka bandarini Malindi unakwenda na barabara mpaka Darajani, hapo mtu yeyote atakuonyesha, sio mbali kwa miguu. Kuna kiingilio, bei ya Mtanzania na ya mgeni wa nje sio moja kwa hiyo beba kitambulisho, na uchukue mtembezaji wa palepale ndani, sio papasi wa barabarani aliyekufuata tangu gati. Ubaya wake ni umati. Saa nne mpaka saa saba mchana makundi ya watalii yanapishana mlangoni, huwezi kusali, huwezi kukaa kimya. Ukiweza fika mapema kabisa wanapofungua. Na kama mtu moyo wake ni mzito, labda kafiwa karibuni au ana watoto wadogo sana, Mkunazini inachosha roho, nilimpeleka mgeni mmoja akalia mpaka jioni, mji mwingine wote hakuuona. Mtu wa hivyo mpeleke Minara Miwili akae kwenye benchi apumzike, hakuna atakayemwambia kitu cha kutisha.

Kwa wapiga picha nitasema haraka: kwa nje Minara Miwili inapendeza zaidi, ila sio ukiwa chini yake, vichochoro ni vyembamba huwezi kuiingiza yote kwenye kamera, panda kwenye paa la hoteli yoyote ya jirani unywe chai yako uipige kutoka juu jua likishuka. Ndani Mkunazini ndo kuna vitu. Kwa harusi, hapo kila mtu na kanisa lake. Mavazi kokote uendako funika mabega na magoti, na sio kwa ajili ya kanisa tu, mji wenyewe ni wa Waislamu na heshima ndo mlango wa kila kitu hapa.

Kuna walioniuliza vipi wale wasiovuka bahari, Dar hakuna? Yapo, tena mawili mazuri yanayotazama bandari, Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki wa Kijerumani, 1897 mpaka 1902, Gothiki hasa na vioo vya rangi, na Azania Front la Walutheri lenye kuta nyeupe na vigae vyekundu, la miaka hiyohiyo, na yapo karibu kiasi kwamba huna haja ya kuchagua, unatembea tu. Hayo yanataka siku yake.

Kwa hiyo nilichomjibu mwanangu ni hiki. Kama hamjawahi kufika Unguja na mna saa moja na nusu, mwende Mkunazini, saa nzima iishie pale, msikimbie, muangalie paa kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Kama mmoja wenu alishafika Mkunazini akiwa shule, kwenye ile safari ya darasa la saba ambayo hakuna anayekumbuka alichoambiwa, bado nasema arudie, akiwa mtu mzima ni kanisa jingine. Minara Miwili muiache mpaka mkija kulala, mje Jumamosi, Jumapili nitawapitia saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuwahi misa.

Kanijibu, ma'mdogo sawa, ila Neema anasali Katoliki anataka kuona kanisa lake. Nikamwambia Neema akae upande wa dirisha boti ikianza kuondoka.